TUSEMEZANE KWELI



Asafiriye kwa basi kutoka Iringa kwenda Mbeya hupita Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala na Igurusi, kisha hufika Uyole. Hapo ni njia panda. Barabara moja yaendelea Mbeya mjini na Tunduma hata Zambia; nyingine yakata kushoto kwenda Tukuyu, Kyela na mpaka wa Malawi. Kwa hiyo Uyole pana watu wengi wanaongoja wasafiri wao kando ya njia.

Siku moja tulikuwa ndani ya basi hilo. Tulipofika Chimala simu ya abiria mmoja ililia, naye akajibu kwa sauti kuu, "Mimi niko Uyole hapa, nashuka sasa hivi." Watu wakacheka, maana kutoka Chimala hadi Uyole zilibaki zaidi ya kilomita hamsini, tena tulikuwa nyuma ya msururu wa malori. Mwenyewe naye akacheka. Haukupita muda simu yetu nayo ikalia. Katekista aliyekuwa akitungoja Uyole alitaka kujua tumefika wapi. Tukamjibu, "Tunakaribia, Katekista." Safari hii hakuna abiria aliyecheka, kwa sababu hatukutaja mahali. Lakini sisi tulijua tulilolitenda. Tulichagua neno ambalo lingemfanya atuone karibu kuliko tulivyokuwa, asije akatuona wazembe.

Tulipofika tulimkuta amesimama kando ya barabara katika baridi ya mwezi wa Julai, na mwanawe mdogo amejifunika koti la babaye. Walikuwa wamesimama hapo zaidi ya saa nzima. Katekista alitupokea mzigo akasema, "Pole na safari, Padre." Hakutulaumu hata kwa neno moja. Heri angelitulaumu.

Tangu siku ile tumelifikiri sana jambo hili, na leo twataka kulichunguza pamoja nanyi. Hatutasema juu ya matapeli na mashahidi wa uwongo, ambao kila mtu huwalaani. Twataka kusema juu ya uwongo wa watu wema: ule wa kila siku, kati ya mume na mke, mzazi na mtoto, jirani na jirani.

UWONGO NI NINI

Mtakatifu Agostino, Askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliandika vitabu viwili juu ya uwongo, kimoja karibu na mwaka 395 na cha pili karibu na mwaka 420. Mafundisho yake Kanisa limeyashika, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992 yayatumia. Kwa ufupi ni haya: mtu asema uwongo anapotamka lisilo kweli akiwa na nia ya kumdanganya mwenzake.

Hapa yafaa tuangalie sana hiyo nia. Aliyekwambia kwamba basi litaondoka saa mbili, naye aamini hivyo, kumbe laondoka saa moja, huyo amekosea tu, hakusema uwongo. Lakini tena yuko awezaye kukudanganya kwa maneno ambayo yakipimwa moja moja ni ya kweli. Neno letu "tunakaribia" lilikuwa la namna hiyo. Kila gurudumu lilipozunguka tulikuwa tukikaribia kweli. Hata hivyo tulilisema ili Katekista aamini lisilokuwapo. Basi ulimi ulikuwa safi, moyo ndio uliodanganya.

Mtakatifu Toma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, aliugawa uwongo katika mafungu matatu: uwongo wa kudhuru, uwongo wa kusaidia, na uwongo wa mzaha. Alifundisha kwamba ule wa kudhuru ndio mzito, na hiyo mingine miwili kwa kawaida ni dhambi nyepesi. Watu wengi wakisikia hivyo hufurahi kana kwamba wamepewa ruhusa. Siyo ruhusa. Mzigo mwepesi nao ni mzigo, na abebaye mizigo mingi myepesi kutwa nzima atachoka kama aliyebeba gunia.

KWA NINI TWADANGANYA

Mwaka 1996 mtaalamu mmoja wa Marekani wa elimu ya nafsi, Bella DePaulo, pamoja na wenzake, walitoa matokeo ya uchunguzi wao. Waliwaomba wanafunzi 77 wa chuo kikuu na watu wengine 70 wa kawaida waandike kila siku, kwa muda wa juma moja, kila uwongo waliousema. Wanafunzi walisema kama uwongo mara mbili kwa siku, na wale wengine kama mara moja. Sababu zao ndizo za kutazamwa zaidi. Mara nyingi watu hao hawakudanganya ili wapate fedha. Walidanganya ili waonekane vizuri, wasiaibike, au wasimwumize mwenzao.

Hatuna haja ya kwenda Marekani ili tuyajue hayo. Tumtazame Mtakatifu Petro katika ua wa Kuhani Mkuu, akiota moto. Hakuulizwa na hakimu wala na askari mwenye upanga. Aliulizwa na kijakazi, akakana. Petro hakuwa mtu mwovu, tena alimpenda Bwana wetu Yesu Kristu kwa moyo wote. Aliogopa tu. Na uwongo mwingi wa nyumbani mwetu ni ndugu wa uwongo huo: mzazi wake ni hofu.

Tuchukue mfano. Mama mmoja amechukua mkopo, mmoja wa mikopo hii ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la "kausha damu", apate kulipa ada ya mtoto. Hakumwambia mumewe, kwa kuwa aliogopa maneno. Juma la pili hana marejesho. Anaazima kwa jirani na kusema ni za dawa. Mume auliza redio iko wapi. Ajibiwa kwamba iko kwa fundi, kumbe imewekwa rehani. Mkopeshaji aja mlangoni. Mtoto aagizwa kusema kwamba mama amesafiri. Angalieni: mama huyu hakuanza na uovu. Alianza na upendo kwa mwanawe na hofu kwa mumewe. Lakini uwongo wa kwanza uliomba mlinzi, na mlinzi naye akaomba mlinzi. Siku mambo yatakapofichuka, mume hataumia sana kwa ajili ya fedha. Ataumia kwa kuwa mezani pake walikaa miezi mitatu mke asiyemjua na mtoto aliyefundishwa kumficha.

Tena uwongo una tabia ya kuizoesha roho. Mwaka 2016 wataalamu wa London walichapisha uchunguzi juu ya watu waliopewa nafasi ya kudanganya mara kwa mara kwa faida yao. Walianza na uwongo mdogo, wakaendelea na mkubwa zaidi. Na ile sehemu ya ubongo ihusikayo na hisia, ambayo mwanzoni ilishtuka, ilizidi kunyamaza kila waliporudia. Mkulima wa Uyole alijua jambo hili kwa mkono wake. Siku ya kwanza jembe humtoa malengelenge. Baadaye hujengeka sugu, naye hasikii tena. Dhamiri nayo huota sugu.

UWONGO USIO NA MANENO

Uyole ni nchi ya viazi, na wote tumewahi kuona gunia lililojazwa likafika mdomoni, kisha likaongezewa kilemba cha kamba na viazi juu yake. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao lipite kilo 100, lakini gunia la lumbesa hupita, nalo huuzwa kwa bei ya gunia moja. Hapa hakuna aliyefumbua kinywa kudanganya. Gunia lenyewe lasema uwongo.

Ukimwuliza mnunuzi, atasema kwamba wakulima huficha viazi vidogo katikati ya gunia na kuweka vizuri juu. Ukimwuliza mkulima, atasema kwamba wanunuzi ndio walioanza na lumbesa yao. Kila mmoja aogopa kuwa mkweli peke yake, asije akawa mjinga wa soko. Basi wote wawili hudanganyana, na wote wawili hujua. Twautaja mfano huu kwa kuwa nyumba nyingi nazo zaendeshwa kama soko hilo: mume aficha mshahara kwa kuwa mke huficha akiba, na mke aficha akiba kwa kuwa mume huficha mshahara. Na anayeumia zaidi kwa mchezo huo ni mtoto, ambaye hana la kuficha.

UWONGO WA HURUMA

Sasa tufike penye ugumu wenyewe. Wako watakaosema: "Padre, uwongo wa faida tumeuelewa. Lakini je, uwongo wa huruma?"

Kwetu yapo mazoea ambayo kila familia yayajua. Mama amefariki kijijini usiku. Mwanawe yuko Dar es Salaam. Wazee wakaa, kisha mmoja apiga simu: "Mama anaumwa kidogo, njoo nyumbani." Wafanya hivyo kwa upendo. Waogopa kijana asije akaanguka njiani, au akasafiri peke yake na mzigo mzito kama huo.

Mtakatifu Agostino mwenyewe aliufikiri mfano unaofanana na huu. Yuko mgonjwa mahututi ambaye mwanawe wa pekee amekufa naye hajui; akuuliza kama mwanawe ni mzima. Utajibu nini? Agostino akiri kwamba mfano huo wamchoma moyo. Hata hivyo hakubali kwamba uwongo ni halali. Wengi humwona mkali mno. Sisi nasi tulimwona hivyo tulipokuwa seminarini. Lakini tazameni yaliyotupata sisi wenyewe kwa mazoea yetu.

Kwa kuwa kila mtu ajua kwamba "anaumwa kidogo" maana yake mara nyingi ni "amefariki", maneno hayo sasa hayamfichi mtu kitu. Kijana apanda basi akilia, na kila kituo apiga simu kuuliza. Ndugu wote wasema vilevile, naye azidi kujua. Asafiri na msiba bila kupewa ruhusa ya kuomboleza. Tena liko jambo baya zaidi: mama anapoumwa kidogo kweli, hakuna neno lililobaki la kumwambia mtoto wake. Utamwambia "anaumwa kidogo", naye ataanguka palepale. Uwongo wa huruma umekula maneno yetu ya kweli, tukabaki bila neno la kuaminiwa.

Je, basi tumpigie simu kijana aliye peke yake usiku na kumtupia habari kama jiwe? Hapana. Kanisa halifundishi hivyo. Katekisimu yatuambia wazi kwamba si kila ukweli wapaswa kusemwa kwa kila mtu na kwa kila saa; mapendo na heshima ya mwenzetu vyatuongoza katika kuamua linalofaa kufunuliwa. Kunyamaza kwa busara si kudanganya. Familia yaweza kumtafuta kwanza ndugu au rafiki aliye karibu na kijana, aende akae naye, amwambie kwa kinywa chake huku amemshika mkono, kisha wasafiri pamoja. Au mzee aweza kusema: "Mwanangu, kuna jambo zito nyumbani. Fulani anakuja kwako sasa, mngoje." Hapo hakuna uwongo, tena hakuna ukatili. Njia hii ina kazi zaidi, maana yataka mtu wa kwenda. Mara nyingi uwongo wetu wa huruma ni huruma iliyokataa kutembea.

"NZURI, ILA..."

Wengine watauliza juu ya salamu. Mtu akuuliza, "Habari za nyumbani?" nawe wajibu "Nzuri", hali mtoto ana homa. Je, umesema uwongo? La. Hilo ni neno la adabu. Wote wajua kwamba ndiyo njia ya kufungua mlango, wala hakuna anayedanganyika. Tena lugha yetu imetupa hazina ambayo yafaa tuitunze. Baada ya "nzuri" husema: "Nzuri, ila mtoto hakulala." Salamu ni mlango, na hilo neno "ila" ndilo humkaribisha mwenzio ndani.

Lakini wapo wanaoishi miaka mingi bila kuvuka mlango huo. Kila asubuhi mume aulizwa habari, asema nzuri. Kazi imemponyoka, asema nzuri. Daktari amempa habari ya ugonjwa, asema nzuri. Hakuna aliyemwuliza zaidi, naye hakuthubutu kusema. Hivyo watu wawili waweza kulala kitanda kimoja na kila mmoja akawa peke yake. Yafaa tujiulize: katika nyumba yetu, neno "ila" lina nafasi? Mtu akilisema, twaweka kijiko chini na kumsikiliza, au twamkatiza kwa ukali?

WATOTO WETU

Wazazi wapendwa, mtoto hujifunza ukweli kwa kuangalia zaidi kuliko kwa kuambiwa. Ukimwambia mwanao, "Mwambie sipo," umempa somo lisilofutwa na mafundisho ya Komunyo ya Kwanza ya mwaka mzima.

Lakini liko jambo la pili, nalo laweza kuwashangaza baadhi yenu. Mwaka 2011 wataalamu wawili wa Kanada, Victoria Talwar na Kang Lee, walitoa matokeo ya uchunguzi waliofanya Afrika ya Magharibi katika shule mbili za watoto wa miaka mitatu na minne. Katika shule moja watoto walichapwa kwa makosa. Katika nyingine walionywa bila fimbo. Kila mtoto aliachwa peke yake na kitu cha kuchezea, akakatazwa kukitazama. Katika shule zote mbili wengi walitazama. Watoto ni watoto. Lakini wale wa shule ya fimbo walizidi sana kukana, tena walijua kuutunza uwongo wao kwa ustadi kuliko wenzao. Fimbo ilikuwa imewafundisha kujificha, haikuwafundisha kutii.

Hatusemi kwamba mtoto asirudiwe. Samaki mkunje angali mbichi, na malezi bila maonyo si malezi. Twasema hivi: mtoto akivunja chungu, akaja mwenyewe kusema, "Mama, nimevunja," naye akapigwa sawasawa na yule aliyeficha vipande, atakuwa mpumbavu akija tena. Nyumba ambayo ukweli waadhibiwa kuliko uwongo huzaa waongo, hata kama rozari yasaliwa kila jioni.

Biblia Takatifu yatuonyesha jinsi urithi huu unavyosafiri. Yakobo alimdanganya Isaka, baba yake kipofu, kwa ngozi za mbuzi. Akaenda kwa Labani, akadanganywa usiku wa arusi yake. Na katika uzee wake wanawe walimletea kanzu ya Yosefu iliyochovywa katika damu ya mbuzi, akalia siku nyingi kwa ajili ya mtoto aliyekuwa hai. Kwa mbuzi alidanganya, na kwa mbuzi akadanganywa.

TUFANYE NINI

Kwanza, tusahihishe upesi. Uwongo wa asubuhi ni mwepesi kuung'oa kabla ya jioni. Kusema "Nilichokuambia hakikuwa kweli" huuma kwa dakika moja. Kuuficha huuma miaka.

Pili, mkubwa na amwombe radhi mdogo. Mwalimu Nyerere katika kijitabu chake *Tujisahihishe* cha mwaka 1962 alieleza kwamba ukweli haumjali mkubwa wala mdogo, rafiki wala adui. Baba akimwambia mwanawe, "Nilikuahidi nikakudanganya, nisamehe," hapunguziwi heshima. Anaipata ile ambayo haikuwapo.

Tatu, aletaye ukweli mgumu apokewe kwanza, kosa lizungumzwe baadaye. Mama wa mkopo tuliyemtaja angaliweza kuokolewa juma la kwanza, kama angalijua kwamba mumewe atakaa chini kabla ya kupaza sauti.

Nne, tulilete jambo hili katika Sakramenti ya Kitubio. Wengi huungama, "Nimesema uwongo," wakapita upesi. Tujiulize pia: nilimwogopa nani? Hapo ndipo mzizi ulipo, na neema ya Mungu yafika hata kwenye mizizi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI AU KATIKA JUMUIYA

1. Ni uwongo gani ambao katika nyumba yetu sote twaujua, nasi twajifanya hatuujui?
2. Nani katika familia yetu aogopa kutuambia ukweli, na sisi tumefanya nini akaogopa?
3. Ukoo wetu utapeleka namna gani habari za msiba ujao, ili neno letu liaminiwe?

Ndugu Wasomaji, nasi twajibu kwa upande wetu. Jioni ile tulimwomba Katekista radhi. Alicheka akasema kwamba amekwisha zoea. Uyole watu wote huambiwa "tunakaribia". Neno hilo lilitupiga kuliko lawama yoyote, maana alikuwa ametuhesabu katika wale ambao neno lao hupunguzwa kabla ya kusadikiwa. Miezi michache baadaye tulipita tena njia ileile, akapiga simu. Tukamwambia, "Tuko Igawa, Katekista, bado ni mbali sana. Kaa nyumbani unywe chai." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Asante, Padre. Nitatoka mkifika Inyala."